Hisa, hatifungani, benki au nyumba ya kupangisha: hela ya uzeeni ikae wapi soko linapoyumba?

Kila soko likiyumba simu yangu inaanza kulia na najua kabisa naenda kuulizwa nini: nitoe hela kwenye hisa niweke benki? Ninunue hatifungani, yaani niikopeshe serikali au kampuni kwa riba? Au nijenge nyumba ya kupangisha niachane na mambo ya soko? Na mimi huwa sijibu kabla sijauliza, hela hiyo utaanza kuitumia mwaka gani? Manake hapo ndo jibu lilipo, sio kwenye habari za asubuhi. Hisa zile zile ambazo ni mahali pazuri kwa mtu wa miaka 30 ni balaa kwa mtu anayestaafu mwakani na hela yake yote iko humo, na akaunti ya benki inayomlinda huyu wa pili inamla taratibu yule wa kwanza bila yeye kusikia maumivu yoyote. Kwa hiyo nitavilinganisha hapa kimoja kimoja, lakini kila nikifika mahali nitarudi kwenye hilo la mwaka.

Benki na hisa, hatari iko wapi hasa?

Watu wengi wakisema "mimi sitaki hatari" wanamaanisha hawataki kuona salio linashuka. Nawaelewa. Salio la benki halishuki, kinachoshuka ni kile unachoweza kununua nalo. Piga hesabu mwenyewe: bei zikipanda asilimia 5 kila mwaka, hela uliyoiweka bila riba baada ya miaka 20 inanunua vitu vya 38 tu pale ilipokuwa inanunua vya 100. Hata bei zikipanda kwa asilimia 3, ambayo watu wanaiona ndogo, baada ya miaka 25 umebaki na chini ya nusu ya ulichokuwa nacho. Na mtu akistaafu na miaka 60 kuishi hadi 85 sio jambo la ajabu siku hizi.

Sawa, amana ya muda maalum inalipa riba, na mfuko wa ukwasi, yaani mfuko wa pamoja unaoweka hela kwenye amana na mikopo ya muda mfupi, nao unalipa, mara nyingi vizuri kuliko akaunti ya kawaida, na unaitoa hela yako ndani ya siku chache. Lakini hiyo riba toa kodi, afu toa kupanda kwa bei, uone kinachobaki. Miaka mingine hakibaki kitu. Marekani kuanzia Desemba 2008 hadi Desemba 2015 benki kuu yao iliiweka riba karibu na sifuri, miaka 7 mizima, wazee waliokuwa wamezoea kuishi kwa riba ya amana wakajikuta wanakula mtaji wenyewe ule walioukusanya maisha yao yote. Hawakufanya kosa lolote. Riba iliwahama tu.

Sasa upande wa hisa. Faharisi ya S&P 500, yaani kipimo cha bei za hisa za kampuni kubwa 500 hivi za Marekani, ilikuwa 1,565 Oktoba 2007, ikafika 676 Machi 2009. Hiyo ni hasara ya kama asilimia 57. Na hapa watu wengi hesabu inawapiga chenga: ukipoteza nusu, kupata asilimia 50 hakukurudishi ulipokuwa, unahitaji asilimia 100. Faharisi hiyo ilirudi kiwango chake cha 2007 mwaka 2013. Mwaka 2020 hali ilikuwa tofauti kabisa, ilianguka asilimia 34 ndani ya wiki 5 hivi, ikarudi juu ya kilele chake Agosti mwaka huo huo. Nasdaq, faharisi nyingine ya kule yenye kampuni nyingi za teknolojia, ilianguka kuanzia Machi 2000, ilipoteza karibu asilimia 78 na ikasubiri hadi 2015 kurudi. Na Japani, ambayo huwa naitaja kila mtu akiniambia "hisa lazima zirudi", faharisi ya Nikkei ilifika 38,915 mwishoni mwa 1989 na haikuvuka hapo tena mpaka Februari 2024. Miaka 34! Mtu aliyekuwa na 35 mwaka ule sasa hivi ameshastaafu.

Niseme ukweli wote lakini, hizo namba hazihesabu magawio, yaani faida ambayo kampuni inawagawia wenye hisa, na mtu aliyekuwa anaendelea kununua kila mwezi wakati bei ziko chini alirudi kwenye faida mapema sana kuliko aliyeingiza yote siku ya kilele afu akakaa. Kwa hiyo kuanguka kwa soko hakumuumizi kila mtu sawa. Kijana anayekatwa kidogo kidogo kwenye mshahara wake, soko likianguka kwake ni kama bei imepunguzwa, ananunua vipande vingi zaidi kwa hela ile ile. Anayeumia ni yule anayetakiwa kuuza.

Msimamo wangu hapa hauyumbi: hela utakayoihitaji ndani ya miaka 5 isiguse hisa hata kidogo, iwe ada ya mtoto au matibabu au kumalizia nyumba. Na hela ya miaka 15 na kuendelea isilale benki.

Kampuni moja unayoipenda au mfuko wa faharisi

Hapa sitakaa sana manake kwangu limeshaamuliwa, ila watu bado wanaumia kwa hili kwa hiyo nalisema. Kampuni ya Enron ilifilisika Desemba 2001. Hisa yake mwaka mmoja na kidogo kabla ilikuwa kama dola 90, mwisho ikawa senti. Wafanyakazi wengi wa pale akiba yao ya kustaafu ilikuwa imejaa hisa za Enron yenyewe, kwa hiyo siku moja mtu alipoteza kazi, mshahara na uzee wake kwa pamoja. Mwajiri wako tayari ndo anakulipa mshahara, usimpe na uzee wako pia, hata kama kampuni ni nzuri na unaipenda na unaona kwa macho yako inavyofanya vizuri.

Mfuko wa faharisi unanunua kampuni zote zilizoko kwenye orodha bila kuchagua. Wa kwanza kwa wananchi wa kawaida ulianzishwa na John Bogle wa kampuni ya uwekezaji ya Vanguard ya Marekani mwaka 1976 na wenzake wengi kwenye biashara ile waliuona upuuzi, nani anataka kuwa wa wastani? Ila kadri miaka inavyokwenda ndo inaonekana kwamba mameneja wengi wanaolipwa kuchagua hisa wanashindwa na huo wastani, na sababu kubwa haina siri yoyote, ni ada.

Ada naomba tuitazame vizuri kidogo manake ndo kitu pekee kwenye biashara hii yote ambacho unakijua kabla hujaingia. Chukua milioni 1 ya pesa yoyote unayotumia, ikae miaka 30, soko litoe asilimia 7 kwa mwaka. Ukilipa ada ya asilimia 0.2 unamaliza na milioni 7.2 hivi. Ukilipa ada ya asilimia 2 unamaliza na milioni 4.3. Soko ni lile lile, muda ni ule ule, karibu milioni 3 zimekwenda kwa mtu aliyekuwa anakutumia ripoti yenye picha nzuri. Mimi mwenyewe niliwahi kuuziwa mpango mmoja wa akiba uliochanganywa na bima, nilikuwa kijana na yule wakala aliongea vizuri sana, kumbe ndani kuna ada ya kuingia, ada ya kusimamia, ada ya bima na adhabu ukitoka kabla ya muda. Nilipokuja kupiga hesabu baada ya miaka 6 nilichokuwa nacho kilikuwa chini ya jumla ya nilichoweka. Soko lilikuwa limepanda miaka yote hiyo. Tangu hapo swali langu la kwanza kwa yeyote anayeniletea bidhaa ya uwekezaji ni niandikie hapa kwenye karatasi jumla ya ada zote kwa mwaka, na kama anazungukazunguka basi tumemaliza.

Kama mahali ulipo hamna mfuko wa faharisi, mfuko wa uwekezaji wa pamoja wa kawaida wenye vipande bado unakusaidia kutawanya hela, ila soma ada kwanza.

Hisa na hatifungani

Hapa ndo pana mambo, na ndo pamewachanganya watu wengi miaka hii ya karibuni.

Hatifungani ni wewe kuikopesha serikali au kampuni. Wanakulipa riba kwa ratiba, mara nyingi kila miezi 6, na mwisho wa muda wanakurudishia ulichowakopesha. Kwa miaka mingi wazee wetu wameambiwa hisa ni za vijana na hatifungani ni za wazee, basi. Na 2008 ilionekana kweli kabisa: hisa za Marekani ukihesabu na magawio zilipoteza asilimia 37 mwaka ule, wakati hatifungani bora za kule kwa ujumla zilipata kama asilimia 5. Mtu aliyekuwa na nusu kwa nusu aliumia, lakini alilala usiku.

Afu ikaja 2022. Bei za vitu Marekani zilikuwa zimepanda hadi asilimia 9.1 kwa mwaka mwezi Juni, benki kuu ikapandisha riba kutoka karibu sifuri Machi 2022 hadi zaidi ya asilimia 5 mwaka uliofuata, na hisa zikashuka kama asilimia 18 na hatifungani nazo zikashuka kama asilimia 13 mwaka huo huo. Zote mbili! Watu waliokuwa wameambiwa hatifungani haipotezi walishtuka sana, na wengi waliuza kwa hasara kwa sababu tu hakuna aliyewaeleza kilichokuwa kinatokea.

Na kinaelezeka vizuri tu. Umenunua hatifungani ya miaka 10 inayolipa 3 kwa kila 100. Kesho serikali inatoa mpya inayolipa 5. Nani atanunua yako kwa 100? Hakuna, atakupa kama 84 au 85 ili na yeye apate sawa na zile mpya. Hiyo ndo hasara yako kwenye karatasi. Sasa kama hatifungani yako ilikuwa imebakiza mwaka 1 tu, bei yake ingeshuka hadi 98 hivi, karibu hakuna kitu. Kwa hiyo muda mrefu bei inayumba sana, muda mfupi bei inayumba kidogo. Na kama huuzi, ukisubiri mpaka iive, yaani muda wake uishe, unapewa 100 yako kamili na riba zote njiani, hasara ile ya karatasi inayeyuka yenyewe.

Unaona tunavyorudi kwenye mwaka? Ukijua utahitaji hela 2031, nunua hatifungani inayoiva 2031. Riba ikipanda ikishuka wewe haikuhusu. Shida ni mtu anayehitaji hela mwaka ujao halafu kavutiwa na riba nzuri ya hatifungani ya miaka 20, huyo amejiweka mahali pa kulazimika kuuza. Na wenye mfuko wa hatifungani wajue kwamba mfuko wenyewe hauna tarehe ya kuiva, unauza na kununua nyingine muda wote, kwa hiyo huo uhakika wa "nitasubiri mpaka mwisho" hauupati vile vile, angalia wastani wa miaka ya hatifungani zilizomo ndani ukilinganisha na miaka yako.

Vitu viwili hatifungani haivimalizi. Cha kwanza bei za vitu, manake riba imeshaandikwa na haibadiliki hata bei zikiruka, isipokuwa zile hatifungani maalum ambazo mtaji wake unapandishwa kufuata mfumuko wa bei, Uingereza walianza kutoa 1981 na Marekani 1997. Zikiwepo mahali ulipo, kwa mstaafu nazipenda kuliko zile za kawaida. Cha pili ni mkopaji mwenyewe. Ugiriki mwaka 2012 wawekezaji binafsi waliokuwa wameshika hatifungani za serikali ile walikatwa zaidi ya nusu ya thamani iliyoandikwa. Riba ikiwa kubwa sana kuliko za wengine, hiyo riba inakuambia kitu.

Hisa zenyewe kwa muda mrefu ndo zimekuwa zikiishinda mfumuko wa bei kwa nafasi kubwa, kwa sababu kampuni inapandisha bei za bidhaa zake pamoja na wengine. Kwa hiyo hata mstaafu ninayemshauri huwa simtoi kwenye hisa moja kwa moja. Mtu wa miaka 62 bado ana hela ya kutumia akiwa na 80, na hiyo ni hela ya miaka 18.

Ile miaka ya mwanzo ya kustaafu

Naomba usome hapa taratibu hata kama pengine umepitisha macho tu.

Watu wawili wamestaafu na milioni 1 kila mmoja, wote wanatoa 60,000 mwanzo wa kila mwaka. Miaka 5 ya kwanza soko linampa mmoja hivi: kushuka 25, kushuka 10, kupanda 10, kupanda 20, kupanda 25, zote asilimia. Wa pili anapata namba hizo hizo ila kinyume, anaanza na kupanda 25 anamaliza na kushuka 25. Kama wasingetoa kitu wote wangemaliza sawa sawa kabisa, milioni 1 na laki 1 na kidogo. Lakini wanatoa, kwa hiyo aliyeanza na kushuka anabaki na kama 694,000 na aliyeanza na kupanda anabaki na kama 863,000. Wastani wa soko ni ule ule. Wote wametoa kiasi kile kile. Tofauti ya karibu 170,000 imetoka kwenye bahati ya mwaka gani ulianza kustaafu, kwa sababu wa kwanza alikuwa anauza vipande wakati bei iko chini, na kipande ukishakiuza hakipo tena cha kupanda na wenzake soko linaporudi.

Hii ndo hatari kubwa ya mstaafu na sijui kwa nini haisemwi vya kutosha. Kwa mtu wa miaka 35 soko likianguka leo sio kitu. Kwa mtu aliyestaafu juzi, kuanguka kule kule kunaweza kumla miaka kadhaa ya uzee wake.

Dawa yake sio kukimbia hisa, ni kuhakikisha hulazimiki kuziuza. Mimi napenda mafungu matatu. La kwanza matumizi ya miaka 2 hivi, likae benki au mfuko wa ukwasi. La pili matumizi ya kama miaka 5 hadi 8 inayofuata, likae kwenye hatifungani zinazoiva moja baada ya nyingine, kila mwaka moja inaiva inajaza fungu la kwanza. La tatu lililobaki, kwenye hisa kupitia mfuko. Mwaka ambao hisa zimepanda unauza kidogo unajaza mafungu ya juu, mwaka ambao zimeanguka huzigusi kabisa, unakula hatifungani. Ukiwa hivi soko linaweza kulala miaka 6 kama lile la 2007 na wewe bado unakula kwa ratiba yako.

Na kinga nyingine ni hii: mwaka soko likianguka sana punguza kidogo kiasi unachotoa, hata asilimia 10 tu. Inasaidia kuliko watu wanavyodhani.

Mkupuo au malipo ya kila mwezi mpaka ufe

Ukifika siku ya kustaafu mipango mingi inakupa kuchagua, uchukue mkupuo mkubwa, au ubadilishe kwa malipo ya kila mwezi maisha yako yote, wengine wanaita anuiti, au mchanganyiko. Najua macho yanaenda kwenye mkupuo. Namba kubwa vile hujawahi kuiona kwenye akaunti yako.

Ukichukua mkupuo hela ni yako, ukifa mapema familia inabaki nayo, na ukiiwekeza vizuri inaweza kukua. Lakini sasa soko linakuhusu wewe, umri mrefu unakuhusu wewe, na ndugu na marafiki wenye mawazo ya biashara nao wanakuhusu wewe. Malipo ya kila mwezi yanakutoa hayo yote kichwani, hata ukiishi miaka 100 wanalipa. Ubaya wake, ukifa baada ya miaka 2 kwenye mipango mingi hela imekwenda isipokuwa kama ulichagua ile yenye dhamana ya miaka kadhaa au inayoendelea kwa mwenzi wako, na malipo mengi hayapandi kufuata bei za vitu. Hilo la mwisho lichunguze kabla ya yote. Malipo yasiyopanda yanaonekana mazuri mwaka wa kwanza na ya huzuni mwaka wa 15.

Kuna jambo watu hawalioni: thamani ya anuiti inategemea riba za siku unayoinunua. Riba zikiwa juu mkupuo ule ule unakununulia malipo makubwa zaidi ya kila mwezi, zikiwa chini unapata kidogo na umefungwa humo maisha. Aliyenunua 2020 riba zikiwa sakafuni na aliyenunua 2023 hawakupata kitu kimoja. Kama huna haraka, gawanya ununuzi, sehemu sasa na sehemu baada ya miaka michache.

Ninavyoona mimi, jumlisha matumizi ambayo hayana mjadala, chakula, dawa, pango, umeme, afu angalia pensheni yako ya uhakika inafunika kiasi gani. Pengo linalobaki lifunike kwa malipo ya kila mwezi. Kinachozidi hapo chukua mkupuo.

Na ukichukua mkupuo swali linalofuata ni utoe kiasi gani kwa mwaka. Kuna kanuni maarufu ya asilimia 4, ilitoka kwa mshauri wa fedha wa Marekani anaitwa William Bengen mwaka 1994, alirudi kwenye takwimu za soko la kule tangu 1926 akakuta mtu mwenye karibu nusu hisa nusu hatifungani, akitoa asilimia 4 mwaka wa kwanza halafu kiasi kile kile akakipandisha kufuata bei za vitu, hela ilidumu angalau miaka 30 hata alipostaafu kwenye kipindi kibaya. Mwenyewe baadaye akaipandisha kidogo. Ni kipimo kizuri cha kuanzia lakini tafadhali usikifanye amri, kimejengwa juu ya soko moja ambalo karne ya 20 lilifanya vizuri kuliko mengi, na aliyestaafu Japani 1989 na hisa za Japani tupu asingekipenda. Ila kinasaidia kugeuza swali: ukihitaji 400,000 kwa mwaka juu ya pensheni yako unahitaji kama milioni 10 zilizokusanywa. Watu wakipiga hiyo hesabu wakiwa na miaka 40 wanaanza kuweka. Wakiipiga na 58 wanalia.

Nyumba ya kupangisha

Inakupa kodi kila mwezi, kodi inaweza kupanda na bei za vitu, na hakuna mtu anakutangazia kila dakika kwamba nyumba yako leo imeshuka asilimia 3, hilo pekee linawatuliza watu wengi. Lakini huwezi kuuza choo ulipie hospitali. Ni mali moja, mtaa mmoja, mpangaji anaweza kukaa miezi asilipe, paa linavuja, na ukiwa na miaka 75 nani atafuatilia? Ukiilinganisha na hisa, toa kwanza matengenezo, kodi za serikali na miezi isiyo na mpangaji ndo uangalie faida. Kama unayo tayari na imelipiwa, ihesabu upande wa hatifungani yako. Kukopa uzeeni ili ujenge ya kupangisha, hapana.

Kuingiza yote mara moja au kidogo kidogo

Kama ni mshahara huna chaguo, ni kidogo kidogo na ni vizuri. Kama umepata hela kubwa kwa mpigo, kihistoria kuingiza yote mara moja kumeshinda mara nyingi zaidi kwa sababu miaka ya kupanda ni mingi kuliko ya kushuka. Lakini ukijijua kwamba ikianguka mwezi unaofuata utatoa yote kwa hofu, gawanya kwa miezi 12 na uweke agizo la benki lijiendeshe lenyewe usiwe unaamua kila mwezi. Hofu ni gharama ya kweli. Machi 23, 2020 soko la Marekani lilifika chini kabisa na kesho yake S&P 500 ikapanda zaidi ya asilimia 9 kwa siku moja, waliouza tarehe 23 hiyo siku hawakuipata, na siku kubwa za kupanda nyingi zinakaa jirani hivyo hivyo na siku mbaya kabisa.

Sasa wewe uko wapi?

Uko chini ya 40 na ajira yako iko imara: dharura ya miezi 6 kwenye mfuko wa ukwasi, na ya uzeeni karibu yote kwenye mfuko mpana wa hisa wa ada ndogo, ikiwezekana usiwe wa nchi moja tu. Habari za soko unaweza kuacha kusoma.

Uko kati ya 50 na 60: hapa ndo pa kufanya kazi. Miaka 5 hadi 7 kabla ya siku yako anza kujaza yale mafungu mawili ya kwanza, kila mwaka kidogo, usisubiri mwaka wa mwisho ukute soko limeanguka na wewe ndo unataka kuhama. Kama umechelewa na hela ni pungufu, najua kishawishi cha kuongeza hisa ili ukimbizane na muda. Usifanye hivyo. Kufanya kazi miaka 2 zaidi kunasaidia mara tatu kwa pamoja: unaweka zaidi, unaacha hela ikue, na unakuwa na miaka 2 pungufu ya kulipia.

Umeshastaafu na yote iko benki kwa sababu unaogopa: usihamishe yote wiki hii. Hesabu matumizi ya miaka 7 au 8, hayo yaache mahali salama na hatifungani, halafu kinachozidi hapo ndo ukipeleke kwenye hisa kwa miezi 12 au zaidi. Kama hakuna kinachozidi basi hisa sio zako, tafuta hatifungani zinazofuata mfumuko wa bei au malipo ya maisha yanayopanda.

Na yeyote uliye, leo kabla hujalala toa fomu za mfuko wako na bima yako uangalie jina la mrithi lililoandikwa. Nimeshaona hela ya mtu inazuiliwa miaka kwa sababu jina lililokuwepo ni la mtu aliyefariki zamani, na mjane hajui hata akaunti ziko ngapi. Andika orodha, mpe mwenzi wako nakala, na tarehe za hatifungani zote zinapoiva ziwe humo.